Sauti ya Baba Katika Disketi Sita

Kompyuta iliomba disketi ya pili. Mwenye ofisi akaichomeka. Kompyuta ikanguruma kidogo, ikakataa, ikaomba tena disketi ya pili. Akaitoa, akaitazama, ndiyo, namba mbili ilikuwa imeandikwa pale kwa mkono wa mwenzangu. Akairudisha na kuifungua kwa njia nyingine aone kuna nini, na ndani yake hapakuwa na baba yangu. Palikuwa na ratiba ya semina.

"Chai na vitafunio," ilisema skrini, "kisha majadiliano ya vikundi."

Niliisoma yote polepole, kwa sababu mimi shule niliishia darasa la tano na kusoma kwangu ni kwa kupapasa. Nilisoma hadi maombi ya kufunga semina, nikidhani labda baba atakuja baada ya chai.

Ilikuwa Islii, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Baba alikuwa amekufa tangu wakati wa mvua. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya mchezo wa kompyuta, na mchezo wenyewe ulikuwa umebanwa na kukatwa vipande sita, kila kipande disketi yake. Mama alikuwa Garissa, amevaa nguo nyeupe za eda, akisubiri nimletee sauti hiyo. Mwenye ofisi alizima skrini, akasema, "Pole, bwana. Hii imekwenda." Halafu akaagiza chai.

Sasa nirudi nyuma, maana nikianza na hasira peke yake mtadhani hatukuwahi kufurahi. Tulifurahi. Pengine sijafurahi hivyo tena.

Duka lilikuwa la adeer, ndugu mdogo wa baba, hapo Iftin, mtaa wa Garissa. Mbele aliuza sukari, tambi, mafuta ya kupikia na betri za tochi. Nyuma, ukishavuka pazia, kulikuwa na kompyuta. Ilikuwa imekuja kwa njia ya Mandera juu ya magunia ya sukari, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na aliyeileta alisema ni ya kuandikia barua za ofisi. Hakuna ofisi iliyotaka barua zetu. Kwa hiyo tukaweka michezo.

Michezo ilitoka Islii kwa disketi. Mchezo mmoja haukuenea katika disketi moja, kwa hiyo wenye kujua waliubana, kama unavyolikunja hema la ngozi na mikeka upate kulifunga juu ya ngamia mmoja, kisha wakaukata vipande. Sisi huku tukachomeka moja baada ya nyingine, kompyuta ikaunga vipande, mchezo ukasimama. Kabla sijajua maana ya kitu chochote ndani ya mashine ile, nilijua zile herufi za mwisho wa majina ya mafaili: zip, arj, rar. Nilizisoma kama watu wetu wanavyosoma chapa shingoni mwa ngamia. Ukiona chapa unajua mnyama ni wa nani, anakunywa kisima gani, na ukimwibia utagombana na nani. Vivyo hivyo na mafaili. Nilipoona arj nilijua limetoka kwa vijana fulani wa Islii, watu wa subira, wanaokata vipande vizuri. Nilipoona rar nilijua ni la mtu mwenye haraka na laini ya simu, anayebana mpaka faili linapiga kelele.

Disketi tuliziweka katika sanduku la bati chini ya mtungi wa maji, penye baridi, kwa sababu joto la Garissa huzipinda. Vumbi ndilo lililotushinda. Kila baada ya swala ya adhuhuri tulifungua kompyuta tumbo, tukaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Adeer alisimama mlangoni akasema, "Polepole, hiyo si gurudumu."

Na watu walikuja! Makarani wa ofisi za serikali, madereva wa malori, walimu kutoka bara, wanafunzi waliotoroka. Tulikuwa na mchezo wa mpira ambao wachezaji wake walikuwa vijiti tu, lakini watu waliupigania. Umeme ulipokatika katikati ya mechi, wachezaji wawili walibaki wamekaa gizani wakibishana ni nani angeshinda, na hakuna aliyekubali kuondoka kwenye benchi mpaka urudi, maana ukiondoka umeshindwa.

Nje ya duka, upande wa kivuli, baba alicheza mchezo wake.

Baba alikuwa dalali wa ngamia. Miaka mingi ya kupiga kelele soko la mifugo ilikuwa imekwaruza sauti yake, ikawa kama mtu anayeburuta gunia juu ya changarawe. Alasiri alikaa chini, akachora kwa kidole miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, akatafuta wa kucheza naye shax. Ni mchezo wetu wa tangu zamani. Kila mtu ana mawe kumi na mawili, na ukipanga matatu kwenye mstari mmoja unang'oa jiwe la mwenzako. Asiye na mawe alitumia mavi makavu ya ngamia, na mchezo haukujali.

Lakini shax ya baba ilikuwa ya mdomo. Akikung'oa jiwe, hakunyamaza.

"Hii jiwe yako inalia, ipe maziwa."

"Warya, wewe kijana, umekuja na viatu, utarudi na miguu."

"Usisonge hapo. Haya, umesonga. Nenda nyumbani ukamwambie mama yako hukuniona leo."

Watu walikuja kucheza na baba kwa ajili ya kutukanwa tu. Mwalimu mmoja wa bara, hajui neno la Kisomali, alishindwa kila alasiri na kucheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu mwenye kutafsiri aliongeza chumvi yake.

Mwenzangu, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amemaliza sekondari na kukosa kazi. Alikuwa na kitabu kimoja cha kufundisha kompyuta kufanya mambo, kimechanika jalada, na alikisoma kama watu wanavyosoma msahafu. Siku moja akamtazama baba kupitia pazia, akaniambia, "Tuiweke shax ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya kompyuta. Miraba, mawe, mzee, vyote."

Miraba na mawe vilimchukua msimu mzima wa kiangazi. Mzee alikuwa na matata zaidi. Tulitoa kipaza sauti katika redio kaseti iliyokufa, mwenzangu akakiunga nyaya, tukamkalisha baba mbele ya mashine, tukamwambia, haya, tukana.

Baba akaitazama kompyuta. "Nimtukane nani? Hiki chuma? Kimenikosea nini?"

"Tukana tu, aabo," nikasema. Aabo ni baba.

"Siwezi kumtukana mtu ambaye hajashindwa."

Basi ilibidi tumwite kinyozi wa mlango wa pili, tukachora shax sakafuni nyuma ya pazia, kinyozi akacheza na kushindwa, na baba akarudi kuwa baba. Tulirekodi kila kitu. Ukisikiliza vizuri baada ya neno la viatu na miguu, ungemsikia kinyozi anavuta pumzi, na mbali kabisa mbuzi wa jirani. Mwenzangu alitaka kumtoa mbuzi. Mimi nikasema amwache.

Siku mchezo ulipokamilika, baba alicheza na kompyuta, kwa kidole kimoja, kofia imesogezwa nyuma. Kompyuta ikamng'oa jiwe. Sauti yake mwenyewe ikatoka ndani: "Hii jiwe yako inalia, ipe maziwa."

Baba akaruka. "Huyu mzee ndani ananiibia maneno!"

Duka zima lilianguka kwa kicheko. Adeer alishika gunia la sukari asidondoke. Baba akarudi, akacheza tena, akashindwa tena, akamgeukia adeer kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Mimi ninampa maneno, yeye anatumia kwangu. Hiyo ni sheria gani?" Tangu siku hiyo alifika kila asubuhi kabla ya soko, kumpiga yule mzee wa ndani.

Katika waliokuja kucheza alikuwepo afisa mmoja wa shirika la misaada, kijana wa Nairobi mwenye shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Simtaji jina, ingawa ninalo. Huyu mkumbukeni. Alicheza shax yetu mara nyingi. Alipotukanwa na kompyuta aliniuliza, "Mzee anasemaje?" nikamwelezea, naye akacheka na kumshika baba bega, maana baba mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo kando yake. Kwa hiyo asije akasema hakujua ndani mna nini.

Halafu mvua ikaja. Sisi tunaiomba mvua, lakini ile haikuwa ya kuombwa. Ilinyesha mpaka mto ukasahau kingo zake, barabara ya Nairobi ikakatika, malori yakazama kwenye matope hadi milango. Mifugo ikafa imesimama ndani ya maji, na iliyobaki ikashikwa na ugonjwa. Baba alitoka kwenda kutazama mbuzi zetu waliokuwa na shangazi upande wa pili wa mji. Walichinja mmoja aliyekuwa akitetemeka, kabla hajafa bure. Ndivyo watu wote walivyofanya, hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule humwingia mtu kwa damu ya mnyama. Baba alirudi na homa. Mimi niliyemshika na kumwosha nikaugua pia. Mimi nikapona.

Nilipoweza kusimama, baba alikuwa ameshazikwa.

Mama alikaa eda. Mjane kwetu hukaa miezi minne na siku kumi ndani, kwa nguo nyeupe, hatembei hovyo. Mama hakuwahi kuingia nyuma ya lile pazia la duka, palikuwa mahali pa wanaume na moshi wa sigara. Alikuwa amesikia tu habari, kama mji mzima. Siku moja nilimpelekea chai akaniuliza, bila kunitazama, "Ni kweli yumo mle anaongea?"

"Ni kweli, hooyo."

"Anasema nini?"

"Anawatukana watu."

Akatabasamu. Ni mara ya kwanza tangu msiba. "Nikitoka eda utanisikilizisha," akasema. "Hapo utafunga duka, watu watoke, nikae mimi na yeye."

Hiyo ndiyo ahadi. Kila kinachofuata kipimeni kwa ahadi hiyo.

Wakati ule ule, mwenye ofisi wa Islii alikuwa akitusumbua. Mtu huyu alikuwa na kompyuta yenye laini ya simu, na kazi yake ilikuwa kukusanya michezo ya zamani na kuiweka kwenye mtandao, ili vijana wetu waliotawanyika ng'ambo waichukue huko waliko. Habari za shax ya kutukana zilikuwa zimemfikia. Tulimtaka naye, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kulamba ukuta wa nyuma wa duka, ukuta wa udongo, na mwenzangu alisema mchezo ukishafika mtandaoni hautegemei ukuta wa mtu.

Simu hazikufanya kazi. Tulikwenda kwa taar, yule mwenye redio ya kuita miji mingine, ambako unasema maneno yako, unamalizia kwa "ofa" ili wa upande wa pili ajibu, na watu wote kwenye foleni wanasikia, na mjini unakoita wanasikia pia. Adeer alikuja nasi, kwa kuwa kompyuta ilikuwa yake.

"Islii, Islii, hapa Garissa. Unanisikia? Ofa."

"Nakusikia kama uko ndani ya mtungi. Sema. Ofa."

Mwenzangu akashika kipaza sauti. "Mchezo uko tayari. Nataka kuubana kwa zip, kila faili libaki na mlango wake. Itakuwa disketi nane. Ofa."

"Nane? Unanitumia mchezo ama unanihamishia nyumba? Tumia rar, bana yote kwa pamoja, kila faili liegemee mwenzake. Nataka sita. Ofa."

"Ukibana hivyo, moja ikiharibika, zinazoifuata zote zimekufa. Ofa."

"Kwani mtaniletea mbovu? Laini ya simu nalipa mimi. Dakika zangu, si zako. Sita, ama ubaki nao huko na mafuriko yenu. Ofa."

Mama mmoja mzee nyuma yetu alichoka. "Warya, hawa mnaowabana ni watu ama ni mbuzi?"

"Ni mafaili, eeddo," nikamjibu, nikimwita shangazi kwa heshima.

"Basi wabane waende! Mimi nina mgonjwa Wajir."

Foleni ikacheka. Adeer akasema, "Sita. Tumemaliza." Na hapo palikuwa pa kusimama imara, lakini mwenye mashine alikuwa ameshasema, na mwenye laini ya simu alikuwa ameshasema.

Njiani mwenzangu alinieleza, nami nimeyaweka maneno yake kichwani hadi leo. Alisema zip ni kama watu wanaosafiri kila mmoja na mfuko wake wa chakula. Ile nyingine, ukiibana kwa namna aliyotaka yule wa Islii, haibebi kitu mara mbili. Faili la pili linasema tu, mimi ni kama yule wa kwanza, isipokuwa hapa na hapa. La tatu linasema, mimi ni kama wale wawili. Ndiyo maana inakuwa ndogo. "Sasa," akasema, "mtu anasema mimi ni kama yule, na yule hayupo. Huyu ni nani?"

Disketi mpya hazikuwepo, barabara imekatika. Tulifuta ule mchezo wa mpira tupate za kutosha, na mteja mmoja alikaribia kulia. Mashine ilibana siku nzima, umeme ukija na kuondoka. Mwenzangu aliandika namba juu ya kila disketi kwa wino mweusi. Mafaili yaliingia kwa mpangilio wa herufi: bao, mawe, picha, na mwisho kabisa sauti.

Kisha adeer akafanya kilichotumaliza, na alifanya kwa akili zake zote. Njia ya Nairobi siku hizo, hata maji yakipungua, ilikuwa na majambazi. Basi lilisimamishwa, mizigo ikachukuliwa. Ukivuka hao, kuna kizuizi cha polisi darajani, unatoa kitambulisho na ile kadi nyingine ambayo ni sisi Wasomali tu tuliodaiwa, na mfuko wako unamwagwa chini. Adeer alizipanga disketi zote sita juu ya gunia, akazitazama kama mtu anayeangalia kundi lake kabla ya kiangazi.

"Ngamia wa babu yenu," akasema, "wengine walikaa Eldas, wengine kwa shemeji yake, wengine upande wa Mandera. Ukame ukipiga huku, kule tunakamua. Mliwahi kusikia tumekosa maziwa yote kwa siku moja? Hizi zigawanyeni. Kila moja na mtu wake."

Tukaitikia. Tuliona ni sawa kabisa. Hata mwenzangu, ambaye njiani kutoka kwa taar alikuwa amenieleza habari za mafaili yanayoegemeana, aliitikia. Yeye naye ni mtoto wa wafugaji, na kwa mfugaji kugawanya mali ni kuiokoa. Kwa mifugo, kilichopona kimepona. Hakuna mbuzi anayekufa Mandera kwa kuwa dada yake amekufa Eldas. Mifugo ya namna hiyo haikuwahi kuumbwa, na sisi hatukujua kwamba ndiyo tuliyokuwa tumeitengeneza.

Moja ilikwenda na dereva wa gari la miraa aliyekuwa anarudi Meru. Nyingine na binti wa jirani aliyekuwa akisubiri kupelekwa hospitali Nairobi. Nyingine ndani ya soksi ya mchuuzi wa ng'ombe, na mbili zaidi kwa watu wa namna hiyo hiyo. Na ya pili, adeer alisema hiyo ipande ndege, ndege haina majambazi. Afisa wa shirika alikuwa anarudi Nairobi kwa ndege ya misaada. Nilimkabidhi mwenyewe, uwanjani, matopeni.

"Ni ile ya mzee?" aliuliza.

"Ni ya mzee."

"Itakaa hapa," akasema, akaiweka mfukoni mwa shati, pamoja na kalamu zake.

Wiki ile ile ukuta wa nyuma ulianguka. Uliangukia meza, ukaangukia kompyuta, na mvua ikaingia kumalizia. Tuliichimbua kwa mikono. Mwenzangu alijaribu kukausha kile kisahani cha ndani kinachotunza mafaili juu ya jiko la makaa, kwa mbali, kama unavyokausha nguo ya mtoto. Hakikuzunguka tena. Sikuogopa sana. Nilimwambia mama, usijali, yuko Nairobi, ametangulia.

Barabara ilipofunguka nikaenda kumchukua.

Mnajua niliyoyakuta. Disketi zote sita zilikuwa zimefika. Yule dereva wa miraa alikuwa ameleta yake, mgonjwa alileta yake, mchuuzi alitoa yake ndani ya soksi. Watu wasiojua hata disketi ni nini waliziweka kama amana. Na ile ya ndege ilifika pia, safi, bila tope, na ndani yake semina.

Mwenye ofisi alijaribu. Disketi ya kwanza ilifunguka, ikatoa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, mistari imenyooka. Basi. Mawe yalianzia ya kwanza na kuishia ya pili, na sauti yote ilikuwa huko nyuma, inaegemea kisichokuwepo. Nilimwuliza, na hizi nne nyingine? Baba si yumo humo? Akasema, "Yumo. Lakini hakuna wa kumfungulia." Nikamwambia, kama ungekubali nane, leo tungepoteza mawe tu. Akakoroga chai yake. "Dakika za simu ni ghali, bwana," akasema.

Nilimtafuta afisa mpaka ofisini kwake, jengo lenye maua mlangoni. Alinikumbuka, akanikaribisha kiti. Nikaweka ile disketi mezani. Aliitazama, akacheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

"Lo! Nilikuwa na semina siku iliyofuata, sikuwa na disketi nyingine. Nikaisafisha upya nikaweka ratiba. Nilidhani mna nakala."

"Ulijua ni ya mzee."

"Nilijua ni mojawapo. Si zilikuwa sita? Disketi ni disketi, ndugu yangu. Nitakununulia pakiti nzima."

Nikamwambia sitaki pakiti. Kwetu mtu akiharibu jambo la nyumba ya wengine, hata kwa bahati mbaya, anakuja. Anachukua watu wazima wawili watatu wa upande wake, anaingia ndani, anakaa chini, anasema mimi ndiye niliyefanya, na wenye nyumba wanasikia. Baada ya hapo ndipo kuna kusamehe. Nikamwambia, mama yangu anasubiri, njoo useme.

Akaniangalia machoni. "Nikipita Garissa nitamwona mama. Nakuahidi."

Nilirudi na miraba mitatu. Mama alikuwa karibu kutoka eda. Nilikaa sakafuni nikamweleza yote, disketi, ndege, semina. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Huyo aliyefuta, atakuja?"

"Amesema atakuja."

Siku alipotoka eda alioga, akajipaka mafuta, akabadilisha nguo, na akanituma ninunue halua na kahawa. Nilidhani ni kwa ajili ya majirani. Ilikuwa ya mgeni aliyeahidi kuja.

Adeer alikwenda kaburini akiamini amezigawanya kwa busara, na sikuwa na moyo wa kumwondolea imani hiyo. Mwenzangu yuko ng'ambo, ana kazi ya kompyuta, na tukizungumza kwa simu anaongea habari za joto la Garissa na lile benchi, kisha tunaagana kabla hatujafika kwenye disketi. Watoto wangu wana simu zinazobeba nyimbo nyingi kuliko ambazo duka zima lingebeba, na wakiniuliza babu yao aliongeaje, nakwaruza koo langu kuwaigizia, nasema ipe maziwa, wanacheka. Lakini siyo yeye. Ni mimi ninayejifanya.

Mwaka uliopita afisa alikuja Garissa. Ana mvi sasa na gari lenye dereva, na watu wanamwita mheshimiwa. Alikuwa hotelini kwa mkutano wa kuhifadhi mila za jamii za kaskazini, bango lilikuwa limetundikwa mlangoni. Nilimsubiri kwenye maegesho. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mtoto wa yule mzee wa shax. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akatabasamu vizuri. "Shax gani?" akauliza. Dereva akamfungulia mlango.

Basi wewe, na unajijua. Nyumba ni ile ile, Iftin, nyuma ya yalipokuwa maduka ya zamani. Uliza nyumba ya dalali wa ngamia, utaonyeshwa na yeyote. Mama yupo. Macho yamepungua, lakini anasikia. Sitaki pakiti ya disketi, sitaki fidia, wala usitume mtu. Njoo mwenyewe na watu wazima wa kwenu, uvue viatu mlangoni, ukae chini mbele yake, umwambie kwa sauti yako nini ulifuta na kwa ajili ya nini. Uliahidi. Kwa nini hujaja?